Nani Anauvuta Mzinga?

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu na anaandika hadithi inayotokea mwaka 2190. Aliniletea daftari lake likizo iliyopita nilipokwenda Kizingitini. Tulikuwa tumekaa barazani baada ya sala ya alasiri, maji yamekupwa, madau yamelala ubavu kwenye tope. Ukurasa wa kwanza alikuwa amechora mzinga. Si mzinga wa nyuki, mzinga wa vita: mtutu mrefu kama mlingoti, magurudumu sita, na chini yake ameandika kwa herufi kubwa MZINGA WA RELI.

"Wa treni?" nikamuuliza.

Akacheka ile cheka ya vijana wanapoona mtu mzima amepitwa na wakati.

"Siyo treni, mjomba. Ni reli mbili ndani ya mtutu. Umeme unaingia kwa reli hii, unavuka kupitia risasi, unatoka kwa reli ile. Sumaku inayozaliwa hapo ndiyo inayoisukuma risasi mbele. Hakuna baruti hata chembe."

Akanieleza sifa zake zote. Unapiga meli, unapiga ndege, unapiga kifaru. Leo uko Kizingitini unalinda bahari, kesho unakokotwa hadi Siyu, keshokutwa unavushwa bara. "Ni wa kila kazi," akasema, kama mtu anayeuza.

"Sawa. Nani anauvuta?"

Hapo akanyamaza kidogo. Ni wazi hilo hakuwa amelifikiria. "Roboti," akasema mwisho.

"Wangapi?"

"Tuseme mia nne."

"Wana majina?"

"Namba tu, mjomba. Roboti wa nini na majina?"

Nikamrudishia daftari lake, nikamsifu kwa mchoro, maana mchoro kweli ulikuwa mzuri. Lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu mzinga kama huo, unaotoka baharini na kukokotwa nchi kavu kufanya kila kazi, uliwahi kupita Afrika Mashariki. Waliouvuta walikuwa watu. Na vita hivyo hivyo viliwafanya watu wengi wa pwani yetu na wa bara kuwa namba.

Nianze na upande wa kijana, asije akaonekana mwota ndoto. Mzinga wa umeme si wazo la jana. Mfaransa mmoja, Fauchon-Villeplée, alishughulika nalo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1922 akapewa hataza yake Marekani. Jeshi la wanamaji la Marekani lilitumia miaka mingi na fedha nyingi kutafuta mzinga wa namna hiyo, wa kurusha chuma kwa kasi inayozidi mara sita ya kasi ya sauti, kisha mwaka 2021 likaachana nao. Japani haikuacha, mwaka 2023 ilitangaza kwamba imeufyatua wake kutoka kwenye meli. Tatizo ni kwamba mzinga huo unakula umeme mwingi kupita kiasi, na reli zake zinalika upesi. Ndiyo maana wakubwa wameuwaza kwanza juu ya meli, palipo na injini kubwa za kuulisha. Kuuteremsha nchi kavu na kuufunga magurudumu, hayo ni ya mpwa wangu.

Ila kuteremsha mzinga wa meli nchi kavu, hilo limeshafanyika. Na limefanyika kwetu.

Sisi watu wa visiwani tunaijua mizinga kama kitu cha baharini. Faza, mji wa jirani yetu kabisa, uliangamizwa mwaka 1587 na jeshi la Wareno lililotoka Goa, kwa kosa la kumpokea Mturuki Mir Ali Bey. Wareno walikuja na bahari wakaondoka na bahari. Kwa karne nyingi kanuni ilikuwa hiyo: meli inaweza kuuvunja mji wa ufukweni, lakini mtu akiwahi kwenda ndani, akavuka mikoko, akaingia mashambani, mzinga wa meli haumfuati. Mzinga ulikuwa mfungwa wa maji.

Kanuni hiyo ilivunjwa mwaka 1915 kwenye delta ya Rufiji.

Meli ya kivita ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilifika Dar es Salaam Juni 1914, chini ya nahodha Max Looff. Ilikuwa na mizinga mikubwa 10, yenye kipenyo cha sentimita 10.5. Vita vilipoanza, tarehe 20 Septemba 1914, iliikuta meli ya Kiingereza Pegasus imetia nanga bandarini Zanzibar ikitengenezwa injini, ikaipiga hadi ikazama. Kisha Königsberg nayo ikapata hitilafu ya mitambo, ikajificha ndani ya mikoko ya Rufiji. Sehemu za boila zilizoharibika zikafunguliwa, zikaburutwa na maelfu ya vibarua kutoka Rufiji hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kisha zikaburutwa kurudi. Vitabu vingi husema tu kwamba "meli ilitengenezwa", kama kwamba boila ilikwenda mjini kwa miguu yake.

Waingereza waliizingira miezi mingi. Mwishowe wakaleta meli mbili pana zisizohitaji kina kirefu, Severn na Mersey, zikavutwa kwa kamba kutoka Malta, zikapita Suez, hadi kwetu. Ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia zikawa macho yao. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaharibiwa kabisa, na watu wake wenyewe wakamaliza kuizamisha.

Hapo Waingereza wakadhani kazi imekwisha. Haikuisha. Wajerumani walipeleka wazamiaji wakaiopoa mizinga yote 10. Wakaipeleka Dar es Salaam, na kwenye karakana ya reli wakaitengenezea magari ya magurudumu ya kukokotea. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu ule ulikuwa mzinga wa reli kwa maana yangu mimi mzee: magurudumu yake yaliundwa na mafundi wa treni, na pale palipokuwa na njia ya treni ulipandishwa treni.

Ukawa wa kila kazi kweli. Mingine ilibaki Dar es Salaam kulinda bandari. Mmoja ulipelekwa kwa Reli ya Kati hadi Kigoma, ukafungwa kwenye meli Goetzen katika Ziwa Tanganyika. Meli hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Liemba na kubeba abiria miaka na miaka. Mwingine uliwekwa Kahe, karibu na Moshi, ukawapiga Waingereza Machi 1916, kisha Wajerumani wakaulipua wenyewe walipolazimika kuuacha. Mei mwaka huo huo mwingine ulikuwa Kondoa Irangi, ukiwatwanga askari wa Afrika Kusini waliokuwa chini ya Van Deventer. Chukua ramani, msomaji, uangalie Kondoa iko wapi na bahari iko wapi. Mzinga wa meli ya kivita ulikuwa unanguruma katikati ya nchi, mamia ya kilomita kutoka maji ya chumvi.

Sasa turudi kwenye swali langu la barazani. Ulifikaje?

Reli ya Kati ilikuwa mstari mmoja kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Reli ya Tanga kwenda Moshi ilikuwa mstari mwingine, na mbili hizo hazikuwa zimeunganishwa. Kila mahali palipokosa reli, mzinga ulivutwa. Ng'ombe walijaribiwa, lakini mbung'o waliwamaliza. Magari ya mafuta yalikuwa machache na mvua ikinyesha hayapiti. Ilibaki kamba na mabega ya watu. Mzinga mmoja ulihitaji mamia ya watu kuusogeza penye matope au mlima, na si kuupandisha tu. Mteremko ni hatari kuliko mwinuko, kwa sababu kwenye mteremko kamba inashikwa nyuma, na aliyeko mbele ya gurudumu hana pa kukimbilia.

Hilo la mteremko silisemi kwa kusoma. Nimezaliwa Kizingitini, najua kuvuta. Kwetu neno kamba lina maana mbili, na zote mbili zinatulisha: kamba wa kwenye mwamba anayeuzwa hotelini, na kamba ya kuvutia chombo. Dau likipandishwa pwani kupigwa dumu na kutiwa kalafati, mji mzima unaitwa. Watoto hushika mwisho wa kamba hata kama hawana nguvu, ili wajifunze. Mmoja hutoa wimbo, wengine huitikia, na kamba inakazwa kwa pamoja. Asiyefuata sauti huchubuka viganja. Harambee, kabla halijawa neno la serikali na michango ya shule, lilikuwa neno la watu wa kazi wanaovuta kitu kizito.

Lakini dau tunalovuta ni letu. Likipanda, tunakunywa chai. Likirudi majini, litatuletea samaki. Na chombo cha mbao, hata kikubwa, kina huruma fulani. Kinateleza juu ya magogo, kinalala kikichoka. Mtutu wa Königsberg peke yake ulikuwa na urefu wa mita 4.2 na uzito wa tani moja na nusu hivi, kabla hujaongeza gari na magurudumu ya chuma. Nyuma yake kulikuwa na makombora, kila moja kilo zipatazo 17, bila kuhesabu baruti ya kulirushia. Kombora moja na baruti yake ni mzigo wa mtu mmoja. Machi 1916 meli Marie ilipovunja kizuizi cha Waingereza na kuingia Sudi, kusini ya Lindi, ilileta shehena ya silaha na risasi, zikiwemo za mizinga hiyo. Shehena yote iliondoka Sudi vichwani na mabegani.

Mzinga ukifyatuliwa mara moja, mtu mmoja aliyetembea wiki nzima na mzigo kichwani amekwisha kutumika. Hiyo ndiyo hesabu ambayo haimo kwenye sifa za silaha. Tunaambiwa unafika kilomita zaidi ya 12. Hatuambiwi ulipitia viganja vingapi mpaka ukawekwa mahali pa kufikia hizo 12.

Msidhani Waingereza walikuwa na njia nyingine. Mizinga ya Pegasus nayo iliopolewa Zanzibar, nayo ikapelekwa vitani nchi kavu. Meli mbili zilizopigana bandarini zikaendelea kugombana porini baada ya zote mbili kufa, na mzigo ukawa wa watu wale wale. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria ya kuwachukua wapagazi kwa lazima. Wagiriama walikuwa wamekwisha kuinuka mwaka 1914, na kudaiwa vijana wao kwa kazi za namna hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu. Mwaka 1917 ukawa mwaka wa msako mkubwa kuliko yote. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ulimi wetu ukakigeuza. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, sokoni tunakopigania bei ya nguo, ni kaburi la maneno la watu hao. Hesabu za serikali yenyewe zilikubali kwamba upande wa Waingereza walikufa wapagazi zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Wanahistoria wengi wanaamini walikuwa wengi kuliko hapo. Upande wa Wajerumani hapakuwekwa hesabu ya kuaminika kabisa.

Na walikuwa na namba. Mpagazi alipewa namba yake, ikaandikwa kwenye kibati, na kibati kikavaliwa. Mtu akifa njiani, namba isipoletwa, alihesabiwa kuwa amepotea.

Bibi yangu alinisimulia kwamba ami yake babu aliondoka Kizingitini na jahazi la boriti kwenda Mombasa. Alikuwa kijana, ameoa karibuni. Boriti zikashushwa, jahazi likarudi, yeye hakurudi. Wenzake walisema amechukuliwa "kwenda kuvuta". Hawakusema kwenda vitani. Walisema kwenda kuvuta, na neno hilo likabaki nyumbani kwetu kama lilivyo. Mkewe alikaa na swali ambalo hakuna aliyeweza kumjibu: ni mjane au si mjane? Akae eda au aendelee kungoja? Hapakuwa na maiti, hapakuwa na barua. Bibi alisema yule mama alikuwa akisikia tarumbeta ya jahazi mkondoni hutoka nje hata kama yuko jikoni, mkono una unga. Aliolewa tena baada ya miaka mingi, na hata siku ya harusi, eti, aliuliza kama jahazi la Mombasa limefika.

Mimi sina ushahidi wowote juu ya ami yake babu zaidi ya huo. Sijui alivuta nini. Lakini najua jambo moja kuhusu waliopotea kama yeye: mishahara yao ilibaki kwenye vitabu. Vita vilipokwisha, fedha za wapagazi waliokufa au kupotea bila ya ndugu zao kujulikana hazikulipwa kwa familia. Serikali za Nairobi na London zilivutana juu ya fedha hizo kwa miaka, na London ikakataa kuziachia. Mtu alivuta mzinga wa watu, kisha watu wakavutana juu ya ujira wake.

Mizinga ya Königsberg iliisha mmoja mmoja. Mingine ilitekwa, mingine ililipuliwa na wenyewe. Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alipovuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, hakuwa na hata mmoja. Aliwavusha watu. Mzinga wa kila kazi ulikuwa umeshindwa na kazi moja tu, ya kwenda mbele bila ya kuwamaliza wanaouvuta. Leo mmoja uko Pretoria mbele ya Union Buildings, na mmoja uko Mombasa, Fort Jesus, pamoja na mzinga wa Pegasus. Maadui wawili wa bandari ya Zanzibar wanaota jua pamoja kama wazee wa baraza moja.

Mpwa wangu alikuja Mombasa mwezi uliofuata, nikampeleka. Aliuzunguka mzinga, akaupima mtutu kwa shubiri, zikafika kama ishirini. Akaugonga kwa kidole. Akainama kutazama magurudumu. Nilimwambia niliyokueleza wewe hapa, kwa kifupi, maana jua lilikuwa kali. Akaniuliza kamba zilifungwa wapi. Tukatafuta pamoja, mimi na yeye, tukionyeshana huku na huku mahali ambapo pangeweza kufungwa kamba. Mtalii mmoja alitupiga picha, nadhani alidhani tunaswali.

Njiani kurudi Mji wa Kale akasema, "Mjomba, lakini roboti hawafi."

"Basi kwa nini uliwaweka mia nne?"

Hakujibu. Tulinunua muhogo wa kukaanga, tukala tukitembea.

Simlaumu. Historia tuliyosomeshwa mimi na yeye ni ya mitutu: nahodha gani, mizinga mingapi, inapiga umbali gani, nani alishinda. Ndivyo hata ndoto zetu za mwaka 2190 zinavyotoka, zimejaa chuma kinachojisogeza chenyewe, na palipo na kazi ngumu tunaweka kitu kisicho na jina ili tusiulizwe. Pale Nairobi kuna sanamu ya ukumbusho iliyowekwa mwaka 1928, na mmoja wa watu watatu waliosimama juu yake ni mpagazi. Ni jambo jema kwamba yupo. Lakini ni mtu mmoja wa shaba kwa niaba ya makumi ya maelfu, na hana jina.

Juzi alinitumia kwa simu picha ya ukurasa mpya wa daftari. Mzinga wa reli bado upo, bado unafyatua umeme, bado magurudumu sita. Ila sasa kuna kamba mbele yake, na kwenye kamba amechora watu, wadogo wadogo kama siafu, wengine wameinama. Pembeni ameanza kuandika majina. Amefika kumi na saba. Mengine ni ya wavuvi wa Kizingitini ninaowajua, ameyaazima. La kwanza kabisa, la mtu aliyeshika kamba karibu na gurudumu, ni jina la ami yake babu. Hakuwa ameniuliza mimi. Alikwenda kumuuliza mama yake, na mama yake alikuwa analikumbuka.

Jina hilo silitaji hapa. Hadithi ni yake; atalitaja yeye.